Ukumbi Uliojaa

Tangu asubuhi, dukani, Nyamizi alikuwa amekataa pedali nne za gitaa, za kutia sauti mwangwi. Ya tano akaiunganisha mwenyewe, akalaza gitaa mapajani, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Sauti ikazagaa duka zima, haikutaka kufa.

"Hivyo ndivyo wateja wanavyopenda," alisema Kitwana, mwenye duka.

"Huo ni ukumbi mtupu, fundi. Wetu ulikuwa unajaa."

Ukumbi ambamo bendi yake ilipiga miaka yote ulibomolewa mwezi uliopita. Kesho bendi ingepiga uwanjani, chini ya turubai, pasipo ukuta wa kurudisha sauti, naye alitaka pedali iurudishe ukumbi ule.

Akazungusha kitufe kupunguza mwangwi, akapiga. "Watu wameanza kuingia." Akapunguza tena. "Sasa wamekaa wote." Mwangwi ulirudi mfupi, wenye joto, kana kwamba umepita katikati ya khanga na mabega.

"Basi nikufungie?"

"Ngoja." Akakirudisha kitufe kuongeza mwangwi, kiasi cha unywele.

"Mbona tena, dada?"

"Kiti cha mbele, cha marehemu mume wangu, hakikaliwi na mtu."

Akapiga noti moja, akainama kuisikiliza ikizunguka pale mbele, mahali pa mtu mmoja.