Kicheche Akata Rufaa

Kicheche alikula mayai ya Kanga, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mwezi mzima bila yai! Akaona heri aitwe mwehu. Akajipaka matope, akakata rufaa kwa Hakimu Nyati.

"Mheshimiwa, siku ya kesi wazimu ulikuwa umenipanda," akasema, kisha akamwamkia Kanga, "Shikamoo, mama mkwe!"

Kanga akaangua kilio. Nyati akacheua, akatafakari.

"Kifungo nimekifuta."

Kicheche nusura acheze ngoma.

"Mgonjwa hafungwi, hutibiwa. Mganga Nungunungu, miiko yake ni ipi?"

"Asile mayai wala nyama mpaka apone. Majani tu."

"Nimepona!" Kicheche akaruka. "Wallahi nimepona!"

Nungunungu akamtazama kwa huruma. "Maskini. Wote husema hivyohivyo."