Somo la Kusema Salama

Tangu kila mtu avishwe bangili inayowaka nyekundu akisema uongo, majirani wa Mashavu walikuwa wameacha kuulizana hali. Nani athubutu kujibu "salama" huku mkono unamulika kama taa ya breki? Mumewe, aliyekuwa hoi kitandani, ndiye aliyemwambia, "Nenda kwa Bi Subira, anafundisha maigizo. Ukachangamke kidogo."

Siku ya kwanza Bi Subira aliwataka wanafunzi waamkiane tu.

"Habari za nyumbani?"

"Salama," akajibu Mashavu. Bangili ikawaka papo hapo, darasa zima likacheka.

"Umelikimbilia neno, mwanangu," mwalimu akamwambia. "Vuta pumzi. Tafuta kitu kimoja huko nyumbani kilicho salama kweli, kishike moyoni, ndipo useme."

Mashavu akamkumbuka mumewe asubuhi ile, akidai chai iongezwe tangawizi. "Salama," akasema. Bangili ikatulia. Alimshika mwalimu mikono yote miwili, akamshukuru mpaka akalia.

Jioni aliketi kitandani kando ya mumewe.

"Mama Zuhura, daktari kasemaje?" mumewe akamuuliza.

Jibu la kweli lilikuwa limemkaa kooni tangu jana. Mashavu akavuta pumzi. "Kasema utapona."

Bangili haikuwaka. Mumewe akatabasamu. "Alhamdulillahi. Na mimi leo siumwi popote."

Bangili yake nayo haikuwaka. Mashavu akashukuru kimoyomoyo, akamfunika shuka vizuri, ndipo akajiuliza mumewe alimjulia wapi Bi Subira.