Nafasi ya Jina la Baba

"Akionyesha picha, mwanamke alisema: 'Mama wa huyu ni mama mkwe wangu, naye hana mtoto mwingine.' Huyo ni nani kwake?" Mama alisoma polepole, kidole chenye unga wa chapati kikifuata mstari katika kitabu cha Sunaina cha maswali ya mtihani.

"Mumewe, Amma. Hilo hata mbuzi wetu angelipata." Sunaina alicheka huku akiifungua bahasha kutoka ofisi ya mtihani wa ukarani wa reli. Kicheko kikakatika. "Wameikataa fomu yangu. Ati haina jina la baba. Na mwakani nitakuwa nimepita umri."

Mama ndiye aliyeiomba ili aijaze mwenyewe. Ilikuwa fomu yake ya kwanza, baada ya miaka miwili ya darasa la watu wazima. Kwenye nafasi ile kalamu ilisita. Tangu harusi hajapata kulitamka jina la mumewe, kama ilivyo heshima ya mke, sembuse kuliandika. Basi aliandika, kwa herufi zilizonyooka, vile amwitavyo kila siku.

"Makarani vipofu hawa. Kwani uliandika nini, Amma?"

Mama alikitazama kitabu. Unga ulikuwa umelifunika neno "mkwe".

"Baba Sunaina," akasema.