Imla ya Kila Mwaka

Saa mbili asubuhi karani wa kata aliigawia familia ya Mfaume karatasi za imla. Kila mwaka mashine husoma makosa ya tahajia na kutaja mahali mtu alipojifunzia kuandika. Aliyejifunzia ng'ambo ya mto hurudishwa huko. Somoe, mke wa Mfaume, alijifunzia ng'ambo. Kwa miezi minane mumewe alimzoeza kukosea kama watu wa huku.

"Mama Siwema, usitetemeke," Mfaume alimnong'oneza. "Kosea kwa raha zako."

Mashine iliwapitisha wote wawili. Kwa binti yao wa miaka saba, ilisita.

"Nani alikufundisha kuandika?" karani aliuliza.

"Mama," Siwema alijibu kwa fahari. "Jikoni, kwa mkaa."

Mashine ilimtaja mtoto kuwa wa ng'ambo, na sheria hufuata mashine tu. Saa nne na robo gari la kata liliondoka na Siwema kuelekea mtoni.