Karatasi ya Mukabera

Waziri aliitambua karatasi kabla haijakunjuliwa.

"Shikamoo, bibi," alisema, akiinuka kwenye kiti cha heshima pale kijijini Kimuli, watu walipokusanyika kumpongeza.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa! Uwaziri unalisha." Watu wakacheka. Bibi Mukabera akawageukia. "Huyu alipokuwa wakili kijana ndiye aliyenitetea walipotaka kuninyang'anya shamba. Hata shilingi hakuchukua."

Kwake hakuchukua. Alilipwa na mfanyabiashara aliyelitaka shamba, ambaye baadaye aligharimia kampeni yake ya kwanza ya ubunge.

Chini ya karatasi palikuwa na alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau, imekatizwa na kovu la kisu cha kumenyea ndizi. Waziri mwenyewe, siku zile za uwakili, ndiye aliyelishika dole la bibi akaligandamiza. Juu yake paliandikwa kwamba mwenye alama hii ameuza shamba lote, na atahama mnunuzi atakapolihitaji.

"Jana walikuja watu na kamba za kupimia," Mukabera alisema. "Wanasema shamba si langu. Nikawaambia karatasi ninayo. Isome, mwanangu, na mwenyekiti wa kijiji asikie."

Mwenyekiti akamsogezea kipaza sauti.

Waziri alikohoa. Kisha akasoma, kwa sauti yake nzuri ya mahakamani, maneno ambayo hayakuwamo.

Vigelegele vikapigwa. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa koti lake, akaketi. Mkono wa Mukabera ulikuwa bado umenyooshwa.