Ndoo za Bluu

Skolastika ndiye aliyechagua rangi ya bluu. Shirika lake la kutetea haki lilipowagawia wakimbizi ndoo, alitaka zitambulike, zisiibwe. Sasa pale bombani zilikuwa zinatambulika vizuri mno.

Katika mji ule ndoo ndiyo iliyopanga foleni, mwenyewe akakaa kivulini. Mama Tausi, jirani wa Skolastika wa miaka mingi, alikuwa akiipitia foleni na kuzipiga teke zile za bluu, moja baada ya nyingine.

"Wenyeji kwanza! Wakuja watachota yakibaki."

"Jana yalibaki?" Skolastika aliuliza.

"Waulize hao wanaokulipa."

Watu wakacheka. Nahimana, mama mmoja mkimbizi, aliiokota ndoo yake, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo.

Skolastika akaichomoa ndoo yake mwenyewe, nyekundu, iliyokuwa ya pili kutoka bombani. Akampa Nahimana, akachukua ile yake ya bluu, akaiweka pale pale kwenye nafasi ya pili, akasimama kando yake.

"Skola, hiyo si yako," Mama Tausi alisema.

"Ni yangu."

Kicheko kikakatika. Mama Tausi alipandisha kanga hadi magotini, akaitazama ndoo, akamtazama jirani yake, akainua mguu.