Neno la Kumi

Palikuwa na Konokono mmoja, mzito wa mkono kuliko darasa zima la kwanza. Kila Ijumaa Mwalimu Kanga alisoma maneno kumi ya imla, na wenzake walipofika la nne yeye alikuwa bado na la kwanza. Hapo aliona haya, akajikunja ndani ya gamba, asisikie kitu mpaka madaftari yakusanywe.

Alikuwa na hamu moja tu. Alisikia kwamba neno la kumi huwa ni jina la mwanafunzi. "Langu litasomwa lini?" alijiuliza humo gambani.

Ijumaa moja Mwalimu Kanga akasema, "Leo tunaanzia mwisho, na sisomi lingine mpaka kila mtu aweke kalamu chini."

"Basi tutalala hapa!" akaguna Panzi.

"La kumi: Konokono."

Konokono akaandika polepole, machozi yakimlengalenga. "Asante, Mwalimu, kwa kunikumbuka leo."

"Leo?" Panzi akashangaa. "Mbona tunakuandika kila Ijumaa!"

Mwalimu Kanga akainama mpaka usawa wa daftari lake. "Nilikuwa nakuita utoke, mwanangu. Kosa ni langu, nilikuita kutoka mbali mno, kule kwenye neno la kumi."